Heko, Prosesa Goigoi

Wenye kusifu majahazi na masultani wameshasifu wakachoka. Mimi nasifu prosesa ya Athlon XP 1800+ iliyomo katika duka moja la kupiga chapa na fotokopi huko Kibokoni, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Ni toleo la 2001, yenye haki ya kwenda megahezi 1,533. Yaenda 1,150.

Hata hiyo 1800 ni lakabu. Tangu kiwandani haikupata kufika megahezi 1,800. Walioiunda waliibandika namba ili isidharauliwe mbele ya Pentium 4. Wangapi mjini humu vyeo vyao vimeushinda mwendo wao, na bado waamkiwa shikamoo?

Siri ya utulivu wake ni betri ya madabodi, ile ya duara ya volti 3, iliyokufa zamani. Stima ikikatika, mashine husahau ilichofunzwa, ikawaka kwa mapigo ya 100 badala ya 133. Prosesa huyazidisha kwa 11.5, na hesabu ndiyo hiyo. Tarehe nayo hurudi 2002. Mwenye nyumba mmoja alichapiwa hapo barua ya kudai kodi yenye mwaka huo. Mpangaji wake, mzaliwa wa 2004, akaona deni halimhusu.

Na kodi ya serikali? Vivinjari vya siku hizi vyataka amri za SSE2, ambazo prosesa hii haikuzaliwa nazo. Basi tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani, foleni na matusi viko saiba ya jirani. Hapa pana kahawa tungu.

“Sheikh, bado?”

“Yaja. Mama hajambo?”

Mpaka ukurasa utokee, mama ameulizwa hali, na mjomba wa Lamu, na posa iliyovunjika. Prosesa ya kasi ingeyapata wapi hayo?

Wapo watakaonitajia Pentium 4, kwamba ikizidiwa na joto hujipunguzia mwendo yenyewe. Kweli, na Athlon za mwaka ule hazikuwa na busara hiyo: ukiing'oa kipozaji ikiwa kazini, yaungua kwa sekunde. Lakini mwezi wa Machi, kaskazi ikilegea na ukuta wa matumbawe ukatoa jasho, feni imeziba vumbi na chumvi, nani aliyeiokoa hii yetu? Betri mfu. Nyingine zilijifunza kupunguza mwendo, yetu ilijaaliwa.

Juzi akaja fundi kijana wa Digo Road, ameshika bisibisi. Kwake yeye ni kazi ya dakika kumi: kutia betri mpya ya 2032, kubonyeza Delete mashine inapowaka, kuingia bayosi na kugeuza 100 kuwa 133. Kwanza atazame kama memori ni ya 266, isije ikaganda. Kisha apanguse vumbi, akwangue krimu iliyokauka chini ya kipozaji na kupaka mpya. Alivyoeleza, ungedhani atenda wema. Akaomba aione bayosi kabla ya kufungua.

Mwenye duka akabonyeza swichi, akammiminia kikombe. “Keti kwanza, mwanangu. Haijamaliza kuwaka.”