Jinsi ya Kumnenepesha Mtoto Kati ya Thika na Ruiru

Ukitaka mtoto wako wa miaka 4 abebe mafuta mengi kuliko mwili wake unavyohitaji, huna haja ya kwenda mbali. Kila kitu kipo, kuanzia Makongeni hadi Kimbo.

Anza na usingizi. Mwache akungoje hadi saa nne usiku, utoke mjini Nairobi na foleni zako, kisha mwamshe saa kumi na moja alfajiri ili basi la shule lisimwache. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13. Huyu amepata 7. Mtoto asiyelala vya kutosha hutamani kula zaidi, hasa vitu vitamu, kwa hiyo jua halijachomoza na kazi imeshaanza.

Sasa fungasha mkoba. Cha saa nne kiwe pakiti ya krispi, kipande cha keki na jusi ya boksi yenye picha ya tunda. Usitie nanasi, hata kama mashamba ya Del Monte yako papo hapo nje ya Thika. Jioni ukishuka stejini mnunulie chipsi na soseji, maana hamjaonana kutwa nzima. Wageni wakija, toa soda: chupa ya kola ya mililita 300 ina sukari ya takriban vijiko 8 vya chai, na haimshibishi mtoto kama bakuli la githeri.

Pagumu ni kumzuia asikimbie, ila ploti itakusaidia. Ghorofa za Ruiru zimebanana ukuta kwa ukuta, ua umejaa magari, na getini pameandikwa mpira hauruhusiwi. Dada wa nyumbani ana nguo za kufua, sufuria jikoni na mtoto asiyetulia. Atawasha katuni. Simlaumu hata kidogo. Mtoto wa umri huo anahitaji angalau saa 3 za kujongea kila siku, na skrini isizidi saa 1. Ndani ya chumba kimoja chenye kitanda, kochi na meko, saa 3 hizo azikimbilie wapi?

Halafu msifu. Shosho akija kutoka Gatundu amfinye mashavu, aseme huyu analishwa vizuri. Shosho ana sababu: njaa ameiona, na utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Waliozidi uzito walikuwa 3. Ni wachache, lakini mtoto akikua na mzigo huo, mara nyingi huingia nao utu uzima, ukifuatana na presha na kisukari.

Mwisho, chanjo ya surua ya miezi 18 ikishapita, usikanyage kliniki tena.

Mimi nakuomba ushindwe kwa kila hatua. Kitoe kabatini kile kijitabu cha mama na mtoto. Kurasa za uzito na urefu zinaendelea hadi miaka 5. Mpeleke apimwe vyote viwili, iwe Thika Level 5 au zahanati ya mtaani. Kisha wewe na majirani mwendeeni mwenye ploti, mmwambie magari mawili yahamishwe, watoto wapate pa kuchezea.