Namna ya Kumtembelea Mtoto Majuu Ukitokea Namboboto

Mzee wa Namboboto, huku Samia mpakani mwa Kenya na Uganda, akiitwa na binti yake aliyeko Minneapolis, Marekani, kosa lake la kwanza ni kudhani kwamba safari za nje anazijua. Si ajabu akidhani hivyo. Tangu ujana amevuka Busia kwenda Uganda kuzika wajomba, kupeleka mahari na kununua matoke. Hadi 1902 huku kwetu kulikuwa Uganda. Waingereza wakasogeza mpaka, na Wasamia wakaamka wako nchi mbili. Tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinatosha kuvukia. Hata boda boda ilipata jina lake mipakani huku, kwa vijana wa baiskeli waliovusha abiria. Sasa, mzee wangu, ujuzi huo wote uache nyumbani pamoja na fimbo. Majuu si Busia ya upande wa pili.

Anza na majina yako. Wazee wengi wana jina la ubatizo, la babu, na la tatu ambalo karani aliliandika jinsi alivyolisikia. Kabla hujaomba pasipoti kwenye eCitizen, hakikisha kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa vinamtaja mtu mmoja. Kisha nenda mwenyewe ukachukuliwe picha na alama za vidole. Ofisi ya pasipoti ya Kisumu iko karibu kuliko ya Nairobi.

Usiage kijiji kabla viza haijabandikwa kwenye pasipoti. Ukitangaza kanisani mapema, Jumatatu utakuwa na orodha ya viatu vya watu kumi na wawili, na viza ikikataliwa utaanza kupita vichochoroni siku ya soko la Funyula.

Mahojiano ya viza ni Gigiri, kwenye ubalozi wa Marekani. Sheria yao humhesabu kila anayeomba viza ya kutembea kuwa anataka kuhamia, mpaka aonyeshe kwamba ana cha kumrudisha nyumbani. Mzee wetu akiulizwa anaenda kufanya nini, huanza na nyanya aliyeolewa kutoka ng'ambo ya Mto Sio. Ofisa ana dakika chache tu. Sema unakwenda kumwona binti yako, utakaa miezi miwili, tiketi analipa yeye, na nyumbani una shamba, ng'ombe na wajukuu. Halafu nyamaza. Kila neno liwe la kweli, kwa sababu uongo ukigunduliwa unaweza kukufungia mlango huo maisha.

Tuje kwenye mizigo, maana hapa ndipo ndoa hutikisika. Ndege nyingi huhesabu kilo 23 kwa begi. Mama, ambaye mnasafiri pamoja, ameshapanga unga wa muhogo na mtama, njugu, omena, samaki mkavu wa Sio Port, na kuku aliyechomwa usiku kucha. Mama, kuku abaki. Maembe nayo yabaki. Wamarekani hawataki nyama wala matunda mabichi kutoka kwetu. Omena na samaki mkavu kwa kawaida hupita, lakini tamka kila chakula mbele ya forodha. Anayetamka kitu kilichokatazwa hunyang'anywa tu. Anayekificha hupigwa faini. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya 2017, tafuta ndoo yenye kifuniko kinachobana, uizungushie utepe wa gundi mara tatu. Omena ikimwagika ndani ya begi, koti la harusi litanukia Ziwa Victoria hadi Krismasi.

Dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, katika pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Binti anunue bima ya safari kabla hamjapanda ndege, kwa sababu hospitali ya Marekani ikikulaza usiku mmoja, bili yake inaweza kumeza shamba. Tena mwambie aombe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi. Usione aibu, hata kama asubuhi ile umetoka kupalilia. Hulipii chochote, na anayekisukuma anajua kila mlango wa uwanja ambao wewe ungeutafuta nusu siku.

Nenda Juni. Januari ya Minneapolis, watu hutembea juu ya ziwa kwa miguu, na mtu aliyekulia karibu na ziwa letu asilazimishwe kuona jambo hilo. Ukifika, ofisa wa uwanjani ndiye anayeamua mwisho wa kukaa kwako. Tarehe hiyo ndiyo ya kushika, usitegemee ile iliyo kwenye viza.

Baada ya hapo kuna jambo ambalo hakuna fomu inayokutayarishia. Wiki ya kwanza binti amechukua likizo. Wiki ya pili anarudi zamu ya usiku, na wewe unabaki ndani ya nyumba ambayo hakuna jirani anayepiga hodi. Utagundua kwamba zile fedha zilizojenga nyumba yako ya mabati zilitoka kwa mtu anayelala kwa saa nne tu na kula akiwa amesimama. Usimuulize kwa nini hana nyumba kubwa. Mpikie ugali wa muhogo. Mama, mfundishe mjukuu kusalimu kwa mulembe, na akuite kukhu, yaani bibi, mpaka azoee. Ukichoka kukaa ndani, sema umechoka. Binti hajakuita uje uteseke kimya.

Mkirudi Namboboto, watu watauliza ana gari gani. Waambieni mmemwona, yuko hai, na anafanya kazi kupita kiasi. Nanyi watoto mlioko huko, kateni tiketi mwaka huu, wazazi wenu wakiwa bado wanapanda ngazi wenyewe.