Mtumbwi Mmoja, Mama Mkwe na Vyungu vya Wakisi

Wewe msomaji mwenye familia ndiwe utakayenielewa. Sisi wa Igawa maji tunayajua. Mto Mbarali unapita chini ya daraja la barabara kuu, na mifereji ya mpunga imekatiza bonde la Usangu kila upande, ikiwamo ya shamba kubwa la Mbarali lililojengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1970. Lakini mifereji hiyo ni ya kumwagilia, hakuna anayepanda chombo humo. Basi baridi ya kipupwe ilipoachia, watoto wakadai mtumbwi, na mama yao akapitisha bajeti kabla mimi sijaulizwa: Matema, Ziwa Nyasa, kisha kwa mtumbwi hadi Ikombe, kwa wafinyanzi wa Kikisi.

Nyumbani kwetu yupo Konda, mdogo wa mke wangu, ambaye hata msibani hupanga watu viti. Yupo Profesa, kijana wetu, anayejibu hata asiloulizwa. Na yupo Bibi Forodha, mama mkwe wangu, mzaliwa wa Kyela. Mzigo hautoki mlangoni asipoufungua. Alfajiri ile akafungua kapu, akakuta mchele wetu wa Mbarali.

"Profesa, muulize baba yako, Kyela siku hizi hawalimi mpunga?"

Mimi hanisemeshi moja kwa moja. Kwa Wanyakyusa mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kutosogeleana, na Bibi hajalegeza hata uzi mmoja wa desturi hiyo. Mchele ukashushwa. Mke wangu akaupandisha kwa mlango wa pili. Ukashushwa tena. Jua lilitukuta bado uani, na Noah ya kukodi inaunguruma.

Safari yenyewe sitaisimulia sana: Chimala, Igurusi, Uyole, kisha unakata kushoto kuifuata barabara ya Tukuyu, migomba na chai, masweta yanavuliwa moja moja kadiri unavyoteremka. Uhondo ulianzia ufukweni Matema.

Mtumbwi wa mbao ni mrefu lakini mwembamba. Nahodha, kijana mpole, akasema wenye miili wakae katikati ili chombo kitulie. Wenye miili ni mimi na Bibi. Ubao wa katikati ni mmoja. Konda akapanga, akapangua, akatupanga upya, wavuvi wamesimama wanatutazama. Nikae mbele, nahodha anakataa. Bibi akae nyuma, Bibi anakataa. Mwishowe mke wangu akatoa kanga, Profesa akaketishwa kati yetu ameishika juu, pazia, na amani ikapatikana. Jaketi okozi Bibi alilivaa, kisha akajifunga kitenge juu yake.

Mashine ikawashwa. Milima ya Livingstone pale inashuka wima hadi majini, na Profesa, mikono imemchoka, akaanza: ziwa hili ni la tatu kwa ukubwa Afrika, kina chake kinafika takribani mita 700. Akasema pia kwamba Agosti 1914, kusini zaidi kwenye pwani hii hii, meli ya Waingereza iliishambulia ya Wajerumani, na nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita vimeanza.

"Mwambie baba yako," Bibi akasema nyuma ya kanga, "mama yangu alikuwa ananunua vyungu vya Wakisi. Vilikuja kwa mitumbwi kama huu. Alikuwa anavigonga kwa kidole anasikiliza." Akanyamaza, kisha akaendelea kunisimulia utoto wake kwa mdomo wa mwanangu hadi tukafika. Miaka yote tuliyoishi naye sikuwahi kuyasikia hayo, na niliyapenda mno.

Ikombe, akina mama wanafinyanga kwa mikono mitupu bila gurudumu, wanapaka udongo mwekundu, wanachoma kwenye moto wa wazi. Bibi akagonga vyungu kwa kidole. Mke wangu akanunua kila kilichoitika. Nikamkumbusha habari ya nafasi, akaniambia, "Baba Neema, vitakaa." Kweli vilikaa: vilikaa kwenye ubao wa katikati, navyo vikamaliza kabisa mgogoro wa mimi na mama mkwe. Upepo wa mchana ulikuwa umeamka, mawimbi yakatulowesha, na Konda akawa anahesabu vyungu kabla ya watoto.

Jioni Matema tulipika. Mchele wa Mbarali ulikuwemo chini ya kiti cha gari, sijui nani aliupandisha mara ya tatu. Tukaula na samaki wa mbasa. Bibi alikula, akaongezewa, akala.

Nanyi mkienda, jueni kwamba Jumamosi vyungu huuzwa soko la Lyulilo, karibu kabisa na Matema, lakini ukitaka kuviona vikifinyangwa nenda Ikombe. Nendeni asubuhi kabla ya upepo, kila mtu avae jaketi okozi, bibi pia. Na kodini chombo kikubwa kuliko familia.