Suruali ya Lastiki, na Mengine ya Kuandaa Kabla Hujaitwa Kituoni

Anza na nguo. Mwandishi wa habari anayejua kwamba iko siku ataitwa kituoni anunue suruali ya lastiki, ya rangi ya heshima, na viatu vya kutumbukiza mguu tu. Mahabusu huvuliwa mkanda na kamba za viatu pale kaunta. Ukiingia na suruali ya mkanda utahojiwa huku mkono mmoja umeshika kiuno, na mtu aliyeshika suruali yake hajibu maswali kama aliyekaa akatulia. Wenzetu wengi wameyajua haya wakiwa wameshachelewa, ndiyo maana nayaandika.

Wito wenyewe mara nyingi huja kwa simu, tena kwa sauti ya upole: "Ndugu mwandishi, pita hapa mara moja tuzungumze, ni jambo dogo." Uliza jina, cheo na kituo. Omba hati ya wito. Kisha, kabla hujaenda hata kuoga, mpigie wakili, mhariri na mtu mmoja wa nyumbani. Ukiambiwa uende Ijumaa alasiri, wakili wako aombe Jumatatu asubuhi, kwa sababu anayeingia Ijumaa jioni ana hatari ya kulala pale mpaka wiki ianze. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na mahojiano yasizidi muda wa saa nne mpaka uongezwe kwa utaratibu. Ikariri hiyo kama ulivyokariri jedwali la kuzidisha.

Wakikufuata nyumbani bila sare, usipige yowe la mwizi. Majirani zako watatoka na mawe, na kabla hujaeleza mtu atakuwa ameshauawa. Piga yowe kwa jina lako: "Mimi ni fulani, nachukuliwa, naomba mashahidi!" Waombe vitambulisho mbele ya watu. Mwite mjumbe wa mtaa ashuhudie upekuzi, na kila kinachobebwa kiandikwe kwenye karatasi ambayo nakala yake inabaki kwako. Msalimie kila afande, hata yule kijana anayesimama mlangoni hajui pa kuweka macho. Naye katumwa, na huenda ndiye atakayekupa maji usiku.

Simu ifungwe kwa namba ya siri. Alama ya kidole haikusaidii, maana kidole unakwenda nacho. Majina ya watoa habari yasikae popote penye jina lako. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kutoa taarifa za wachangiaji wa mtandao wake. Akapandishwa kizimbani kwa kesi zaidi ya moja, zikaendelea kwa miaka. Wapo watu walioendelea kwenda kazini asubuhi, wakala na watoto wao jioni, kwa sababu yeye alikaa kimya. Mimi ningependa kila chuo cha uandishi kimfundishe mwanafunzi ukimya ule kabla ya kumfundisha kichwa cha habari.

Sasa maelezo. Afande ataandika kwa mkono, taratibu, kwa Kiswahili cha kipolisi, halafu atakugeuzia karatasi utie saini. Soma yote, hata kama umechoka na mbu wamekumaliza. Ulisema "niliandika alichoniambia", isije ikawa imeandikwa "nakiri kuandika". Palipobaki wazi chini ya ukurasa piga mstari, kisha saini palepale chini ya neno la mwisho, ili lisije likaongezeka neno usilolijua.

Wadhamini watafute mapema, wawili, wenye vitambulisho na wanaofahamika serikali ya mtaa. Wakubaliane nawe kabla. Anayekuletea chakula awe mtu mwenye subira, maana anaweza kuambiwa akionje mbele ya kaunta, kijiko cha wali, kipande cha samaki, maharage, huku wewe unachungulia nyuma ya nondo. Usimtume mwanao.

Hayo yote yanakusaidia kwenye kosa lenye dhamana. Lipo lile lingine, na lazima nikae nalo. Tarehe 29 Julai 2019 mwandishi Erick Kabendera alichukuliwa nyumbani kwake Dar es Salaam. Kwanza ikasemwa ni uraia wake unachunguzwa. Kisha yakaguswa maandishi yake katika jarida la The Economist. Tarehe 5 Agosti akasomewa mashtaka ya kushiriki genge la uhalifu, kukwepa kodi na kutakatisha fedha, na utakatishaji hauna dhamana. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena: upelelezi haujakamilika. Maneno hayo mawili yalitamkwa mahakamani miezi nenda miezi rudi. Mama yake mzazi alikuwa amejitokeza hadharani kumwomba Rais Magufuli amsamehe mwanawe. Akafariki siku ya mwisho ya mwaka ule. Mawakili wakaomba mtoto aruhusiwe kwenda kumuaga mama yake, mahakama ikakataa. Alitoka tarehe 24 Februari 2020, baada ya kukubaliana na upande wa mashtaka na kuamriwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 270.

Kwa hiyo weka risiti zako za kodi, hata za kazi ndogo ya siku mbili. Weka cheti chako cha kuzaliwa, na cha baba, na cha mama, na kama bibi anajua alizaliwa kijiji gani muulize leo aandikiwe. Nakala moja ikae kwa wakili. Na nenda kamwone mama. Nayahesabu haya kuwa maandalizi kama yale ya suruali.

Lililobaki ni la nyumbani, kati yako na mwenzako. Azory Gwanda, aliyekuwa akiandikia gazeti la Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti na Rufiji, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017. Siku ile alifika ndani ya gari jeupe alikokuwa mkewe shambani, akamuuliza ufunguo wa nyumba uko wapi, akamwambia ana safari ya dharura na kwamba asiporudi leo atarudi kesho. Mkewe aliporudi nyumbani alikuta vitu vimepekuliwa. Hiyo kesho haijafika mpaka leo.

Mkae usiku huu, watoto wakishalala. Mchague neno. Kama siku zote unamwita mama Neema, basi siku ukimpigia ukamwita dada, au ukamuuliza ufunguo uko wapi wakati unao mfukoni, ajue hauko peke yako na hauko salama. Asibishane nawe kwenye simu. Ajibu kwa sauti ya kawaida, na kama umemfuata alipo kwa gari, aangalie namba zake, ahesabu watu waliomo. Kisha akimbie kwa jirani, na namba ya wakili iwe kichwani mwake. Mjaribishe mara mbili tatu, aitaje bila kuangalia.