Waonjaji wa Maji ya Mkate

Kvass haina siri. Ni mkate mweusi wa rai uliokauka, ukabanikwa hadi ukakaribia kuungua, ukalowekwa kwenye maji moto, kisha ukatiwa sukari, hamira na zabibu kavu chache. Zabibu zikielea, kinywaji kiko tayari. Warusi wamekinywa kwa zaidi ya miaka 1,000 bila kumwita mtaalamu.

Enzi za Kisovieti kiliuzwa barabarani, kutoka kwenye tangi la njano lenye magurudumu. Mama muuzaji, koti jeupe, uso usiotaka mzaha, alikujazia bilauri kwa kopeki chache. Ulikunywa umesimama, ukairudisha, ikasuuzwa, akapewa wa nyuma yako. Hakuna aliyeuliza habari za manukato.

Siku hizi tumestaarabika. Mwonjaji huizungusha glasi, hufumba macho, hunusa, kisha hutangaza kwamba amebaini ladha ya ganda la mkate. Hongera, bwana mkubwa! Umegundua mkate ndani ya maji ya mkate. Mwenzake husifu bakteria wa kvass kwa afya ya tumbo, kana kwamba bibi wa kijijini alikuwa akichemsha dawa, si kuokoa kiporo. Hata Coca-Cola nayo, mwaka 2008, ilianza kuwauzia Warusi kvass yao.

Basi, waheshimiwa waonjaji, kinyweni kikiwa baridi, au kimimineni kwenye okroshka, ile supu baridi ya matango na mayai, halafu mnyamaze. Mwenye kiu hana haja na hotuba.