Vijiti Saba Kutoka Kabambare

Ujumbe wenyewe ulikuwa maneno matatu: "Mukuje kesho asubuhi". Chini yake, kwenye mstari wa peke yake, alama saba za mshangao. Mume wangu alikuwa barzani, ametoka kuswali magharibi, kikombe cha chai mkononi. Alisoma, akaniita, akanionyesha simu bila kusema neno. Nilisoma yale maneno mara moja tu. Macho yakabaki kwenye zile alama, zimesimama safu moja kama watu walioleta habari mlangoni, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kuisema.

Namba ilikuwa ya mtoto wa wifi yangu. Mama mkwe anaishi Kabambare kwa binti yake, simu hana na hataki, na kila anachotaka kutuambia hukisema, yule mjukuu akakiandika. Kutoka kwetu Kasongo mpaka kwao ni zaidi ya kilomita 100 za njia ya udongo, na madaraja ya magogo ambayo mvua ikitaka inayaondoa. Mume wangu akapiga namba ileile. Imezimwa. Akapiga ya dada yake. Haipatikani. Siku nyingine jambo hilo lisingemtoa mtu jasho, kwa sababu betri huko zinachajiwa sokoni kwenye sola na mtandao unakuja na kuondoka upendavyo. Usiku ule kila kilichonyamaza kilisema kitu.

Msomaji wa mbali aelewe jambo moja. Kwetu Maniema, mashariki mwa Kongo, mtu aliye mbali hapigiwi simu akaambiwa kwamba mama yake amekufa. Anaambiwa njoo. Anaambiwa mama hajisikii vizuri, fanya haraka. Habari yenyewe anaikuta mlangoni, penye mikono ya kumshika asianguke. Ni adabu nzuri na naipenda, lakini imelipa neno "mukuje" uzito ambao halikuzaliwa nao. Mdogo wa mume wangu alipoingia na kupewa simu, alisoma, akakaa chini, akasema "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un". Baada ya hapo hakuna aliyetafuta maana nyingine.

Kwa Waislamu maiti hangojeshwi. Mume wangu aligonga mlango wa muuza vitambaa usiku uleule, akanunua sanda, ubani na mafuta ya manukato. Moto mbili, yaani pikipiki, zilikodiwa. Kabla ya alfajiri ndugu wawili walikuwa wameshaondoka, kifurushi cheupe kimefungwa ndani ya nailoni kisipate matope. Mimi nilibaki, maana mke wa mtoto mkubwa ndiye anayepokea watu wa kilio.

Na watu walikuja. Kasongo ni mji wa misikiti na wa kanisa kuu la Wakatoliki, na kwenye msiba haulizwi mtu anasali wapi. Kulipokucha turubai lilikuwa limefungwa uani, mikeka imetandikwa, masufuria ya jirani watatu yako motoni. Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa inatwangwa, mawese yameletwa kwa dumu, kuku wetu wamechinjwa pamoja na jogoo ambaye mwanangu wa mwisho alikuwa amempa jina. Dada yangu alishika daftari akiandika michango: fulani kilo mbili za mchele, fulani kuni, fulani pesa. Maalimu alikaa na wazee wakasoma Yasini. Nililia sana. Mama mkwe yule ndiye aliyenifundisha kukaa katika nyumba ile, na sijapata kuongea naye bila kutoka na kitu.

Karibu na adhuhuri simu yangu ikalia ndani ya kikwembe. Namba ilikuwa ileile ya mtoto.

"Mulete magunia. Mupunga umejaa nyumba. Bibi anasema kama hamukuji atauzia watu wa Salamabila."

Hapakuwa na alama ya mshangao hata moja. Nukta tu, zimetulia mahali pake. Nilisoma nimesimama katikati ya wanawake waliokuwa wakiniangalia usoni, na sikuweza kutoa sauti. Nikampelekea maalimu simu. Akaisoma kimya, akainua macho, akaisoma tena kwa sauti watu wote wasikie. Mzee mmoja akauliza, "Bibi anasema? Bibi gani?" Maalimu akajibu, "Bibi mwenyewe." Ndipo jirani yangu, mama wa Kikatoliki aliyekuwa amekesha na mimi, akapiga kigelegele, na ua mzima ukamwitikia.

Dua haikukatishwa, iligeuzwa. Wazee walimwombea mama maisha marefu, chakula kikaliwa chote, na watoto waliokuwa wamefukuzwa uani wakaitwa. Kazi ngumu ilikuwa daftari. Dada yangu aliita jina moja moja kurudisha. Waliokuwa na shida walichukua chao, na ni haki yao. Wengi walikataa: kitu kikishatoka kwa ajili ya mama ni cha mama. Kwa hiyo pesa ya kilio ilinunua magunia, na nilipopata lori la kwenda Kabambare niliyapakia mwenyewe nikakaa juu yake.

Yaliyotokea kwa mama mkwe nilisimuliwa na wifi. Ndugu wawili walifika mchana umeinama, matope mpaka kiunoni, wakamkuta mama yao amekaa na ungo anapepeta. Mume wangu alishuka kwenye moto akakaa chini palepale njiani. Mdogo wake alibaki amesimama na kifurushi mkononi, hajui akipeleke wapi. Mama aliinuka, akakipokea kwa sababu mgeni hupokewa mzigo, akakifungua. Aliisugua sanda kwa vidole viwili, akasema kitambaa ni kizuri, kizito, na ile aliyojiwekea sandukuni tangu zamani imeliwa na mende, kwa hiyo Mungu awabariki. Kisha akauliza nani amemuua.

Wakamwonyesha simu. Herufi za Kilatini yeye hazisomi. Kijana akaitwa.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu Kasongo nzima ilishamhukumu mtoto yule, na nilipofika Kabambare nilimkuta bado hali vizuri kwa aibu. Yuko darasa la sita. Nilimwomba anieleze taratibu alivyofanya. Alisema Bibi alikuwa na furaha. Alisimama mlangoni mpunga umejaa mpaka kwenye ngazi, akapiga makofi, akasema mukuje, mukuje, mukuje, mara saba, na yeye alihesabu. Kuandika neno moja mara saba ni kosa kwenye daftari la shule, kwa hiyo aliliandika mara moja, na kila mara iliyobaki akaiwekea alama yake. Akaona sita zinapungua, akatia ya saba iwe sawa na makofi. Betri ilikuwa inakwisha. Akatuma kwanza lile ambalo Bibi alilisema zaidi, na simu ikazima kabla ya mpunga na magunia. Kuhusu zile alama kukaa peke yazo chini, maelezo yake yalikuwa sahihi kabisa: anasoma kwa Kifaransa, na Kifaransa kinataka nafasi kabla ya alama ya mshangao. Aliacha nafasi, kioo cha simu ni chembamba, mstari ukajaa, alama zikateremka.

Kwa hiyo mtoto hakuongeza chumvi. Aliandika alichosikia, pigo kwa pigo. Kilichopotea njiani ni furaha, kwa sababu alama ile inasema sauti imepanda na haisemi imepandishwa na nini. Furaha na msiba vinapanda ngazi ileile.

Nimekuwa mpiga chapa miaka mingi katika ofisi za mji wetu, na mashine niliyojifunzia, sawa na mashine nyingi za zamani, haikuwa na kitufe cha mshangao. Ulipiga kijiti cha juu, ukarudi nyuma hatua moja, ukapiga nukta chini yake. Mkono ulikuwa unakuuliza kama kweli unataka. Simu haiulizi, kidole kikibaki pale zinatoka saba, zinatoka ishirini. Silaumu simu. Ila nakumbuka kwamba alama hii ilizaliwa kwa ajili ya watu wanaosoma kwa sauti. Mtaliano mmoja wa karne ya 14, Iacopo Alpoleio da Urbisaglia, alidai kuwa ndiye aliyeibuni, baada ya kuudhika kusikia watu wakisoma maneno ya mshangao kwa sauti ileile ya maneno ya kawaida. Alitaka msomaji ajue afanye nini na koo lake.

Wazee wetu hawakuwa nayo. Kasongo iliandika barua kabla Wabelgiji hawajauteka mji mwezi Aprili 1893, kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Baadhi zimehifadhiwa Ubelgiji, na mtafiti Xavier Luffin amezichapa na kuzieleza. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa ambaye Kasongo ilikuwa moja ya ngome zake, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi hizohizo, na Heinrich Brode akayatia kwenye herufi za Kilatini yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Katika uandishi ule haraka ilielezwa kwa maneno. Aliyekuwa na haraka alisema ana haraka na kwa nini, baada ya salamu, na salamu zenyewe zilikuwa ndefu kiasi cha kumtuliza msomaji kabla ya kufikia jambo. Mtu akisoma barua ya namna ile hakurupuki kununua sanda.

Nilimweleza mama mkwe haya yote usiku, tukishona midomo ya magunia. Alinisikiliza, akaniambia nisiseme wazee hawakuwa na alama. Akaomba msahafu wake. Akaufungua chini ya taa na kunionyesha kwa kidole vile viherufi vidogo vilivyokaa juu ya mistari: mimu, hapa lazima usimame, lamu-alifu, hapa usisimame, jimu, hapa una ruhusa. "Hizi waqfu zinaongoza pumzi," akasema. "Na kila mahali inakaa moja. Umeshaona mimu saba pamoja?" Sijaona.

Akamwita mjukuu, akamfanya amchoree alama ya mshangao kwenye karatasi. Aliitazama sana. Akamuuliza inafanya kazi gani, mtoto akasema inapandisha sauti. Akaomba na nyingine. Ile ya kuuliza aliipenda mara moja, akamfanya aichore tena, na ndiyo iliyomsaidia kutukumbusha mkasa wa mbuzi, ambao familia yetu haikuwa imeumaliza. Mwaka uliopita mume wangu alituma ujumbe Kabambare: "Mbuzi ameuzwa". Alikuwa anauliza, kuhusu mbuzi wa kule. Kiswahili hakibadilishi mpangilio wa maneno mtu akiuliza swali la ndiyo au hapana, tofauti iko kwenye sauti tu, na kwenye karatasi sauti hiyo haina makao mengine ila ile alama, isipokuwa uanze na "je". Wifi alisoma kuwa mbuzi wa mahari, aliyekuwa amefungwa Kasongo, ameuzwa bila yeye kuulizwa. Walikaa hawaongei mpaka sikukuu. Kwa hiyo katika nyumba moja tumepata hasara ya alama nyingi na hasara ya alama moja iliyokosekana, na ya pili ndiyo iliyoumiza zaidi.

Sheria za mama mkwe zilitoka usiku uleule. Mwandishi haweki alama ambayo mwenye maneno hajaitaja. Akimaliza kuandika, anasoma kwa sauti, na anasoma jinsi alama zinavyotaka, si jinsi anavyokumbuka. Sababu ya kuitwa iandikwe kabla ya wito wenyewe: mpunga kwanza, mukuje baadaye. Na furaha iandikwe kwa jina lake, "tuna furaha", kisha kijiti kimoja kama bado kinahitajika.

Wale wa mjini watasema siku hizi kuna ujumbe wa sauti, mambo haya ya nini. Ujumbe wa sauti unataka mtandao wenye nguvu, na kule ujumbe wa maandishi ndio unaopenya. Tena mama mkwe hapendi kusema mbele ya simu. Anasema maneno yake yakipitia kwa mtoto anapata nafasi ya kuyafikiri.

Tulirudi na magunia yamejaa. Watu wa Salamabila walipata ya kwao pia, kwa bei aliyoitaka mama. Sanda iko sandukuni, na safari hii ametia karafuu kuzuia mende. Yule kijana sasa anaandikia nusu ya mtaa wao, na wifi ananiambia kwamba mzee akimaliza kusema, mtoto hamalizi kuandika. Anamuuliza kwanza: "Baba mzee, hapa umekasirika au umefurahi?" Wako wanaojibu haraka. Wako wanaokaa kimya, wanafikiri, halafu wanamwomba wayaseme maneno upya tangu mwanzo.