Kaduara Kanaonewa

Simu ikianza kuzungusha kale kaduara katikati ya video, pale Mbekenyera hulaumiwa kwanza bando, kisha mnara, kisha simu yenyewe, ambayo hupigwapigwa mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Kanakotukanwa zaidi ni kaduara, na kwa kweli kanaonewa. Data huja kwa pakiti, na pakiti zilizotoka pamoja hazifiki pamoja: hii imechelewa, ile imepotea ikabidi itumwe upya. Simu huzikusanya kwanza, ikaweka akiba ya sekunde kadhaa, ndipo ionyeshe video mfululizo. Kaduara ni mlinzi wa mlangoni tu, anakwambia ghala limekwisha, subiri. Wakulima wa korosho wa Ruangwa na Nachingwea wanalijua jambo hili vizuri. Korosho hudondoka zinapotaka. Leo huyu kaleta debe moja chama cha msingi, yule magunia sita, kesho haji mtu. Lakini aliyeshinda mnada hukuta mzigo ghalani, akapakia lori mpaka likajaa. Sijasikia ghala likipigwa mgongoni.

Utasema siku hizi kuna mkongo na 4G, kasi ipo, akiba ya nini? Kasi ni jambo moja, kufika kwa mpangilio ni jingine. Data itakimbia kwenye mkongo kama lori tupu kwenye lami, lakini mwisho wa safari kuna mnara, na jioni kijiji kizima kinaugombania. Wala akiba haifanyi miujiza: Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, kaduara kalizunguka kweli kweli, maana ghala lisiloingiza gunia halina cha kutoa. Basi tupanue ghala? Hapo nakataa. Mwaka 2010 mhandisi Mmarekani, Jim Gettys, aliona mtandao wa nyumbani kwake unajikokota, akagundua vifaa vya njiani vimepewa akiba kubwa mno, pakiti zinapanga foleni humo hadi zinachacha. Video ya harusi itavumilia. Mazungumzo ya simu hayavumilii. Mtaitikiana “haloo” kwa zamu mpaka bando liishe. Na mpira ndiyo kabisa. Namungo wakicheza, redio ya jirani haina subira, ilhali mwenye simu ana akiba nono, picha haigandi hata kidogo. Bado anamtazama mpigaji akiuweka mpira kwenye kona, anauinua, anauweka tena, na upande wa pili wa ua watu wameshavua mashati.